Mmiliki Amebadilika

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kuchagua, na aliyenipa alikuwa ameshachagua. Hilo sikulijua siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilifurahi tu, maana nilikuwa nimekaa nyumbani karibu mwaka mzima baada ya kumaliza shahada ya pili, nikiwafundisha watoto wa majirani hesabu barazani, na mume wangu yuko kiwanda cha sukari, anakuja Jumamosi anaondoka Jumapili jioni. Profesa alinipigia simu mwenyewe. "Njoo Jumatatu," akasema. "Nimekupatia pa kukaa, mradini."

Profesa huyu si mtu baki kwangu. Nilifika Morogoro nikitokea Singida nina miaka kumi na tisa, sina ndugu hata mmoja mjini, na mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Yeye alikuwa mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza. Mkewe ndiye aliyesema kwamba mtoto wa watu hawezi kupanga chumba peke yake mji asioujua, akanipa chumba cha nyuma, kile kinachotazama banda la kuku. Nilikaa humo miaka mitatu. Nilipoolewa, baba yangu akiwa ameshafariki, Profesa ndiye aliyesimama mahali pake, amevaa suti ya kijivu iliyombana mabegani, akanikabidhi. Kwa hiyo ofisini namwita Profesa na nyumbani namwita Baba, na mara nyingi nimechanganya nikamwita Baba mbele ya kikao.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Vijiji vya milimani, juu ya Mkuyuni, vilikuwa na mifumo mitatu ya kompyuta iliyojengwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Mmoja ulihifadhi habari za mashamba. Wa pili ulihifadhi habari za wakazi, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Wa tatu ulikuwa wa kugawa miche ya karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kila mfumo ulikuwa na maneno yake. Ulichokiita mmoja kiwanja, mwingine ulikiita makazi, na wa tatu ukakiita eneo la kupandia. Ukitaka kujua kama mama fulani mwenye shamba fulani ameshapata miche, ilibidi mtu akae na karatasi tatu mezani akizilinganisha kwa kidole.

Wataalamu wana dawa ya ugonjwa huo, wanaiita ontolojia ya juu. Sisi ofisini tuliita orodha mama. Ni orodha ya aina kuu kabisa za vyote vilivyomo duniani: hiki ni kitu, kile ni tukio, huyu ni mtu, pale ni mahali, ile ni sifa tu ya kitu kingine. Mifumo yote ikikubali kuyaweka mambo yake chini ya orodha moja, inaweza kuelewana bila mkalimani. Orodha za namna hiyo zimetungwa nyingi huko duniani. Sisi tulikuwa na tatu mezani, na mimi nilipaswa kuzipima kwa mambo ya kweli ya watu wa Uluguru, kisha niandike ni ipi inafaa.

Nilipewa chumba kwenye jengo la zamani, kina dirisha moja lenye nondo. Asubuhi nikifika nilikuwa naiona milima, ukungu umekaa shingoni mwake, halafu nafungua kompyuta. Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Niliandika kadi nyingi, kila kadi ina neno moja lililotoka kwenye mifumo yetu: chemchemi, mpaka, harusi, njaa, shamba la ukoo, mvua ya vuli. Nikawaita makarani wawili, kila mmoja peke yake, nikawaomba wazipange kadi zile kwa kufuata orodha ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Orodha ikiwa nzuri, watu wawili wasiojuana wataiweka kadi moja mahali pamoja.

Hawakuweka. Karani mmoja, dada aliyekulia Kilosa, aliiweka chemchemi chini ya vitu. Mwenzake, kaka mmoja mpole kutoka Tanga, aliiweka chini ya matukio. Nikamuuliza kwa nini.

"Ya kwetu kule inatokea masika tu," akasema. "Kiangazi haipo. Sasa kitu gani hicho kisichokuwepo miezi sita?"

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, lakini nikaandika. Orodha ya kwanza ilikuwa nyepesi, karani anaijua kwa siku mbili, ila ilikuwa na visanduku vichache na kila jambo lilisukumwa humo kwa nguvu. Ya pili ilikuwa na nafasi ya karibu kila jambo, ila makarani walipotea humo kama watu waliopita shamba la mkonge bila njia. Ya tatu ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, lakini waliokuwa wakiitunza walishaacha kujibu barua.

Katikati ya kazi hiyo, asubuhi moja, yakaja maboksi. Wapagazi wawili waliyaleta kwa toroli wakasema Profesa ameagiza yakae kwangu kwa sababu stoo inavuja. Waliyapanga ukutani, yakapanda, yakafika dirishani, yakaliziba. Nikafungua moja kuangalia. Vilikuwa vitabu vya mafunzo ya makarani wa vijiji, vimechapwa rangi, na ndani yake, ukurasa baada ya ukurasa, ilikuwa orodha ya kwanza.

Nilikwenda na kitabu mkononi mpaka mlangoni kwake.

"Profesa, kama vitabu vimeshachapwa, mimi napima nini?"

Hakushtuka. Aliniambia nikae. "Wafadhili walitaka jina la orodha tangu tunaomba mradi. Usingeweza kuacha pale wazi. Nikaandika hiyo. Sasa wanataka tathmini, na tathmini unaifanya wewe, kwa uaminifu wako ninaoujua. Andika ukweli."

"Na ukweli ukiwa mwingine?"

"Ukweli wa orodha hizi ni kwamba zote zina kasoro, mwanangu. Tunachagua ya kuishi nayo."

Nilirudi chumbani kwangu. Nikajaribu kuyasogeza maboksi niione milima, nikashindwa, mazito. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi na taa imewashwa mchana kutwa.

Orodha ya kwanza, kumbe, ilikuwa imeshaanza kutumika kwa majaribio kwenye vijiji vichache. Nilikuja kujua hilo kwa sababu ya malalamiko. Afisa ugani wetu wa huko juu, kijana wa Musoma mwenye sauti kubwa, alinipigia simu. "Dada, njoo mwenyewe. Kuna bibi huku mfumo umemkatalia miche mara tatu, na mimi sasa kijijini naitwa mwizi."

Nikapanda naye siku ya Alhamisi, gari mpaka mwisho wa barabara, kisha kwa miguu, karibu saa nzima ya kupanda. Nyumba ya bibi ilikuwa ukingoni mwa mteremko, migomba nyuma, jiko la udongo pembeni. Alikuwa mwembamba, mrefu, kavaa khanga mbili na buti za mpira.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu wa miche?"

"Ndiye wa kompyuta," afisa akasema.

"Kompyuta sijaomba," akasema bibi. "Njooni muone."

Hakutupa hata pa kukaa. Alitupeleka shambani akatuonyesha mashimo. Yalikuwa yamechimbwa kwa mstari, yameshuka na mteremko, mengi kina cha mkono. Alituambia ameyachimba mara tatu, kwa sababu kila mara aliambiwa miche inakuja wiki ijayo, na kila mara haikuja, mvua ikayafukia. Vijana wa kumsaidia walishachoka. Mashimo ya mwisho wa mstari kayachimba mwenyewe, na ndiyo yaliyokuwa na kina kifupi.

Mvua ikatukuta hukohuko. Tukakimbilia jikoni, na mvua ya Uluguru ikishuka unakaa ulipo. Tulikaa watatu kwenye moshi, mlango umejaa maji mazito kama pazia, hatuoni hata migomba. Afisa alitoa simu yake akanionyesha maandishi ya mfumo. Mara zote tatu yalikuwa yaleyale: *Mmiliki amebadilika. Subiri uhakiki.*

Bibi aliomba asomewe. Aliposikia alituangalia kwa zamu.

"Nani kabadilika? Shamba hili la ukoo. Mama yangu kalima, mama yake kalima. Sasa nalima mimi. Mmiliki ni lukolo, ukoo wetu, haujaenda popote."

Nikaangalia tarehe. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu. "Bibi, mwezi wa tatu kulitokea nini hapa?"

"Mvua."

"Zaidi ya mvua?"

Akafikiri. "Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alijifungua kule Kiroka. Mtoto wa kike."

"Na mwezi wa tano?"

Akasukuma kuni motoni. "Dada yangu alifariki. Tulimzika pale chini."

"Mwezi wa saba, bibi?"

"Wa saba mapacha. Binti wa huyohuyo marehemu."

Nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Kwenye orodha ya kwanza, kundi la watu lisilosajiliwa huwekwa kwenye kisanduku kinachoitwa mkusanyiko. Na mkusanyiko, kwa orodha ile, hujulikana kwa waliomo tu. Ni kama seti ya vijiko: ukipoteza kimoja, iliyobaki ni seti nyingine. Mfumo wa wakazi ulipoandika kwamba mtoto kazaliwa ndani ya ukoo ule, orodha mama ikasema huu sasa ni mkusanyiko mwingine. Mfumo wa mashamba ukasema basi shamba lina mwenye mpya. Mfumo wa miche ukafunga mlango. Mifumo mitatu ilikuwa imeelewana barabara, kama tulivyotaka, na kwa kuelewana kwake bibi akakosa miche.

Nilimweleza afisa kwa sauti ya chini. Bibi akasikia.

"Kwa hiyo mnataka tusizae?" akauliza. "Tusife?"

Afisa alicheka. Mimi nilishindwa. Mvua iliendelea mpaka saa kumi, na muda wote huo bibi alichambua maharage bila kunisemesha tena. Nilikaa kwenye kigoda nimekunja magoti, natazama maji yanavyoshuka.

Niliporudi mjini niliandika kwa siku nne. Sehemu ya nne ya taarifa ilihusu jambo hilo peke yake. Nilieleza kwamba kuna vitu duniani vinavyobaki vilevile ingawa waliomo wanakuja na kwenda: ukoo, kwaya, kijiji chenyewe. Orodha ya kwanza haivioni. Ya pili inaviona. Nikapendekeza tuchukue ya pili, tuipunguze, tuwafiche makarani yale wasiyoyahitaji. Nilitaja mashimo. Nilijua taarifa za namna hiyo hazitaji mashimo, nikayataja.

Profesa alisoma mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi, asiitumie. Alipomaliza alivua miwani.

"Umeandika vizuri kuliko nilivyokufundisha."

"Ahsante, Baba."

"Sehemu ya nne isiende."

Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kwa upole, na upole ndio ulionichosha. Vitabu vimechapwa. Makarani wamefundishwa. Tukisema leo tumekosea, mradi utasimama, na ukisimama hakuna atakayepata miche, bibi yule wala mwingine. Orodha ya pili tutaijaribu lini, na kwa nini tuamini haina mashimo yake?

"Wewe umekaa na karani akaiweka chemchemi kwenye matukio," akasema. "Unadhani tutapata orodha ya kumtosha kila mtu?"

"Sijasema imtoshe kila mtu. Nasema anayeishi nayo si sisi."

Alivaa tena miwani. "Fikiri mpaka Jumatatu," akasema.

Jumapili nilialikwa chakula, kama Jumapili zote. Nilifika mapema nikaingia jikoni kumsaidia Mama, mke wa Profesa. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Tulikaa chini kwenye mkeka, ungo katikati yetu, kama tulivyokaa nilipokuwa mwanafunzi.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "mimi hizo orodha zenu sizijui. Ninachojua baba yako anastaafu mwakani, na huu mradi ndio watakaomkumbukia. Halali. Anaamka anakaa sebuleni."

"Mama, kuna bibi huko juu..."

"Kaniambia. Kaniambia yote, na anasema una haki." Akapuliza makapi. "Sikuombi useme uongo. Nakuomba usimvue nguo hadharani. Tafuta njia nyingine. Wewe una akili, ndiyo maana alikuchukua."

Angenifokea ningejua la kufanya. Nilitazama mikono yake, ile iliyonifulia nguo nilipougua malaria mwaka wa pili, nikahisi nimebanwa kama kidole mlangoni. Nikila chakula chao nakuwa mwana wao. Nisipokula nitakula wapi? Mume wangu hakuja wiki hiyo, alikuwa zamu, na nilipompigia alisema fanya unaloona sawa, sauti ya mashine nyuma yake, nami sikuona lolote lililo sawa.

Na njia nyingine niliipata. Naliandika hili kwa sababu ni langu, halikutoka kwa Profesa wala kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimelala kitandani Jumapili hiyohiyo alasiri, nikakumbuka kwamba kwenye orodha ya kwanza kuna kisanduku kingine, taasisi. Taasisi haijulikani kwa waliomo. Inajulikana kwa usajili wake. Mtu akizaliwa, akifa, taasisi ni ileile. Basi tuusajili ukoo uwe taasisi: jina, mwenyekiti, katibu, muhtasari wa kikao, muhuri wa kijiji. Mfumo hautasema tena kwamba mmiliki amebadilika.

Jumatatu nilimweleza Profesa. Aliinuka akanishika mabega. "Unaona? Orodha haikuwa na tatizo. Ilikuwa namna ya kuitumia!" Furaha yake ilikuwa ya kweli, na mimi nikaipokea, nikafurahi naye. Sehemu ya nne ikahamishwa ikawa kiambatisho cha mwisho, herufi ndogo. Mbele niliandika kwamba orodha ya kwanza inafaa, kwa masharti. Nikatia sahihi.

Kikao cha ukoo kilifanyika nyuma ya nyumba ya bibi, na mimi nilikuwepo, nimebeba fomu. Watu walikuja wengi, hata kutoka mjini. Niliambiwa zamani ukoo ulikuwa na mkubwa wake aliyegawa mashamba, akafa, na hawakuwahi kukubaliana juu ya mwingine. Tangu hapo mambo ya ardhi yalimalizwa na bibi na dada zake, jikoni. Hakuna aliyelalamika. Lakini fomu ilitaka mwenyekiti. Ilimtaka awe na kitambulisho cha taifa, awe na simu iliyosajiliwa kwa jina lake, aweze kusoma na kutia sahihi. Bibi hakuwa na simu. Kitambulisho alishakiomba, hakijaja. Kusoma alisoma kidogo sana, na macho yalimsumbua.

Ndugu yake wa kiume alikuwa navyo vyote. Alikuwa mstaafu wa reli, anakaa Kingolwira, kavaa kofia nzuri, anaongea kwa mpangilio. Alikuwa hajalima pale miaka mingi. Aliposimama na kusema, "Mimi nipo kuwatumikia," watu walipiga makofi. Bibi naye alipiga. Nilimsaidia kuweka dole gumba mahali palipoandikwa mjumbe.

Miche ilikuja baada ya wiki mbili. Afisa alinitumia picha, karafuu ndogo kwenye viriba vyeusi, zimepangwa barabarani. Nikaionyesha ofisi nzima. Profesa akaiweka kwenye taarifa yake ya kustaafu.

Miezi ikapita kabla afisa hajanipigia tena, na safari hii hakupaza sauti. Ujumbe wote wa mfumo, alisema, unakwenda kwenye simu ya mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye anayechagua eneo la kupandia. Kachagua lile shamba la chini karibu na njia, penye udongo mzuri, palipokuwa na migomba ya bibi. Kaing'oa, kapanda karafuu, na kampa mwanawe alitunze.

Mtu asiyejua mila za huko atasema sawa tu, kampa mwanawe. Lakini kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Mtoto wa yule mzee ni wa ukoo wa mama yake, hana haki kwenye shamba lile hata ya kukata fimbo. Na karafuu si mahindi. Ukiipanda inakaa kuliko wewe, na aliyeipanda anakuwa ameweka mguu.

Nilifungua kompyuta nikatazama shamba lile. Alama ya kijani. Mmiliki yuleyule. Uhakiki umekamilika. Miezi yote ambayo ardhi ilikuwa mikononi mwa wenyewe mfumo ulipiga kelele, na sasa ilipowatoka kweli ulikaa kimya.

Nikapanda tena, peke yangu. Bibi alikuwa barazani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nikasubiri anikaribishe, hakunikaribisha. Nikakaa kwenye gogo. Baada ya muda akasema, "Wewe ndiye uliyeleta karatasi."

"Ndiyo, bibi."

"Irudishe ulikoitoa."

Nikaanza kumweleza. Kumwondoa mwenyekiti kunahitaji mkutano mkuu wa wanachama. Mkutano mkuu unaitishwa na mwenyekiti. Niliyasikia maneno yakitoka kinywani mwangu, sentensi niliyoitunga mwenyewe kwenye fomu kwa sababu fomu zote za namna hiyo zinaandikwa hivyo, na nikanyamaza katikati. Bibi aliendelea kupukuchua. Punje ziliruka zikaniangukia mguuni, sikuzitoa.

Nilifanya niliyoweza, na hayakuwa mengi. Nilimwendea Profesa nyumbani, ameshastaafu, kaptula na bustani sasa, akanisikiliza, akasikitika. "Hayo ni ya ukoo," akasema, "si ya mfumo." Niliwaandikia wafadhili, nikaambatanisha sehemu ya nne yote. Walijibu kwa heshima kwamba hoja imepokelewa na itazingatiwa katika awamu ya pili. Nilikwenda baraza la kata kama shahidi wa bibi. Wazee wa baraza waliniuliza kama sahihi iliyoko kwenye fomu ni ya ofisi yangu. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama mwenyekiti alichaguliwa kihalali. Nikasema ndiyo. Baraza likaamua bibi abaki na shamba la juu bila kusumbuliwa, na la chini libaki chini ya uongozi wa ukoo. Yule kijana bado anapalilia karafuu zake. Bibi na kaka yake, nimeambiwa, hawazikani.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Ilikaa kwenye kompyuta mwezi mzima. Wakati huo awamu ya pili ikaja, nikaombwa niiongoze, na mimi ndiye pekee niliyekuwa naujua ugonjwa wa orodha ile. Nikajiambia nikiondoka atakaa mtu asiyewahi kuyaona mashimo. Huenda ni kweli. Huenda ni maneno ya mtu aliyezoea kiti. Orodha ya pili haikuzingatiwa. Vijiji vilivyokuwa kwenye ya kwanza vilishakuwa vingi mno.

Mwezi uliopita nilikuwa Mlali, ukumbi wa shule, nafundisha makarani wapya kwa vitabu vilevile. Mmoja, mama kijana kavaa hijabu ya zambarau, mtoto kampakata, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Shamba la ukoo tunaliweka wapi?"

Wote wakainua kalamu. Nikawaambia wasiandike kwanza. Nikawaambia habari ya bibi, bila kumtaja, na ya simu, na ya shamba la chini. Nikasema kabla ya fomu yoyote waende jikoni kwa wanawake wa ukoo, wawaulize nani analima. Niliongea muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama kitabu chake, akatazama fomu.

"Nimeelewa, mwalimu. Lakini huyo anayelima akiwa hana simu yenye jina lake, fomu si itakataa?"

"Itakataa," nikasema.

"Sasa niandike nini?"

Nilimwambia aandike taasisi.